Leonard kwenye Volti Mia na Themanini

Jumamosi saa nne asubuhi, Method alikuwa ameinama katika gereji ya shemeji yake, Clement, huko Manassas, ughaibuni, akipima amplifaya ya gitaa aliyoiunda mwenyewe kwa valvu za kioo, zile za zamani. Ilikuwa na kasoro moja. Ukiifungulia nguvu zote, valvu zake mbili kubwa zilitulia, kila moja ikivuta miliampea thelathini na tano. Lakini ukizungusha kinobu cha kupunguza nguvu, ili upige gitaa bila kuudhi majirani, sauti ilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi.

Sababu alishaijua. Umeme mkuu ulishuka, ila bayasi, yaani ile volti hasi inayozizuia valvu zisiungue, ilibaki palepale, ikizikaba mpaka zinapoa. Alibadilisha rezista moja ili bayasi ishuke pamoja na umeme. Akawasha, akangoja valvu zipate moto, akateremsha kinobu taratibu. Volti mia nne. Mia tatu. Kwenye mia na themanini kwikwi ikakoma, na sauti ya kaka yake, Leonard, ikasema kwenye spika, "Nimelala kwenye kokoto."

Leonard alikuwa amefariki mwezi Machi huko Sterling, kwenye ujenzi wa jengo la kuwekea kompyuta, ambako Clement alikuwa msimamizi wake. Clement ndiye aliyeleta habari. Alisema moyo ulisimama ghafla, marehemu hakupata hata nafasi ya kulalamika.

Method akapima bayasi tena. Ilikuwa sawa.

"Kwa nini kwenye kokoto?" akauliza.

"Kifua kilibana, nikakaa chini. Nikamwomba Clement aite ambulensi. Akasema tumalize kwanza kumwaga zege."

"Muda gani?"

"Malori matatu."

Method akapandisha kinobu. Kwenye mia nne palisikika mvumo mtupu. Akateremsha, Leonard akaendelea alipoachia. Ndipo akapanda ndani ya nyumba, juu ya gereji, kumwita Elieth, mjane wa Leonard na dada yake Clement. Tangu msiba, yeye na binti yake Penda waliishi hapo kwa Clement. Elieth akashuka akifuta mikono, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akasikiliza.

"Baba Penda," akasema baadaye, "mbona hukunipigia?"

"Simu ilikuwa kwenye koti. Koti lilikuwa garini kwa Clement. Nilikuita hivyohivyo."

Penda akachungulia mlangoni. "Is that Dad?"

"Ndiyo," mama yake akajibu.

"Okay," akasema Penda, akarudi kwenye hesabu zake.

Clement aliingia na mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama. Akauweka chini, akasikiliza mpaka jina lake likatajwa mara mbili.

"Zege likiganda kwenye pampu, kazi yote inabomolewa," akasema.

"Ulituambia alikufa papo hapo," akasema Method. Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwake, bado cha moto.

"Ulitaka niwaambie nini?"

Elieth hakumtazama. "Kaka, ulikuwa umesimama umbali gani?"

Clement akafikiri. Alikuwa mtu wa vipimo. "Kama kutoka hapa mpaka kwenye friji."

Method akasogea hatua moja. Clement hakurudi nyuma.

"Nichome," akasema. "Halafu mtafute pa kulala. Na faili la uhamiaji la Elieth mtafute mwingine wa kulidhamini. Asiyenitaka, mlango ule pale."

Elieth akanyanyuka, akamtoa Method kile chuma mkononi, akakirudisha kwenye stendi yake.

"Chakula kiko tayari," akasema. "Shemeji, usimzime. Mpunguze tu kidogo, Penda ana mtihani."

Wakala juu, wote wanne. Sauti ya Leonard ilipenya kwenye sakafu, haina hasira, ikieleza rangi ya mawingu na viatu vya watu waliompita. Clement aliomba chumvi, Elieth akamsogezea.

Tangu siku hiyo jioni zikawa hivyo. Elieth alishuka baada ya kuosha vyombo, akamsimulia mumewe habari za shule ya mtoto. Leonard alimjibu kwa habari za kokoto, maana zaidi ya hizo hakuwa nazo.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, Clement alipiga honi. Nafasi ya Leonard kazini alikuwa amepewa Method. Akachukua kofia yake ya ujenzi, akapanda kiti cha mbele, na wakaenda Sterling, kwa kuwa saa moja kamili lori la kwanza lingeanza kumwaga zege.