Sumaku Kwenye Bomba la Kiti

Mimi ni fundi baiskeli mwaka wa ishirini na mbili, na ubishi wangu unajulikana mtaa mzima. Wateja waliniita Profesa, nami nikavimba kichwa.

Shemeji yangu, mume wa dada, aliniletea baiskeli ya mtumba iliyopakwa rangi nzito, haina hata jina la kiwanda. Alitaka awe anampeleka dada kazini, amkalishe nyuma kwenye keria, na njia yao ni mashimo matupu.

"Shemeji, hebu niambie, fremu hii ni chuma au alumini? Nisije nikamwangusha mwenzangu."

Swali la maana. Chuma kikichoka hupinda kwanza, kinakupa habari. Alumini ikichoka hukatika bila hodi. Nikachukua sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nikaigusisha kwenye bomba la kiti. Ikanata.

"Chuma hiki. Mpakie hata mama mkwe wako juu."

Akacheka, kisha akaniomba nipime na bomba la chini. Nikamkaripia. Fundi ni nani hapa, mimi au yeye?

Wiki ya tatu fremu ilikatika vipande viwili kwenye mteremko. Dada aliumia uti wa mgongo. Hatatembea tena, daktari alitamka hivyo mbele yetu sote.

Mabaki yaliletwa kwangu. Nilipitisha tupa kwenye bomba la chini: pakawa peupe, laini, na sumaku ikaanguka sakafuni. Alumini tupu. Siku ile sumaku ilivutwa na nguzo ya kiti, kipande cha chuma kilichozama ndani ya bomba. Mwanagenzi wa wiki moja angeichomoa kwanza ndipo apime. Niliketi chini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Hospitalini dada alikuwa amegeukia ukuta. Hakutaka hata kulisikia jina la mumewe.

"Nilimwambia apunguze mwendo, akaniona mwoga. Kaka, nikitoka hapa nirudishe kwetu."

Nilifungua mdomo. Nikamfunika shuka miguuni.

Shemeji alinifuata ukumbini. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Akapiga magoti mbele za watu.

"Shemeji, mlinipa dada yenu mzima. Nisamehe."

Nikamshika mkono, nikamwinua.

"Nimekusamehe," nikasema.