Mgongo Ulionyooka

Wanafunzi wake walimwita Rula, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Hata kwenye foleni alisimama wima, mabega chini, shingo ndefu, kidevu kimerudi nyuma kidogo, utadhani anapigwa picha ya pasipoti. Alifundisha pilatesi, yale mazoezi ya taratibu ya kunyoosha mgongo na kukaza tumbo, kwenye chumba kilicho juu ya duka la fundi simu. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu, sakafuni mikeka ya sponji. Makarani, wapishi wa hoteli, madereva waliochoka kukaa, wote walipanda zile ngazi wamejikunja na kushuka wana adabu ya mgongo, walau mpaka wafike nyumbani.

"Usitumie nguvu pasipo na kazi," alikuwa akiwaambia. "Ukiinua mkono, inua mkono. Uso umekukosea nini?" Watu walicheka, nyuso zikalegea, na mikono ikainuka vizuri zaidi.

Jicho alikuwa nalo, hilo lazima tumpe haki yake. Mtu akiingia mlangoni tu, Rula anajua mkoba anaubeba bega gani na akilala analalia ubavu gani. Watu walimsifia jicho hilo, na sifa zikampanda kichwani kidogo, kama zinavyompanda mtu yeyote.

Dada yake mkubwa alikuwa msusi. Walitoka tumbo moja, lakini Mungu aligawa vitu vyake ovyo: mdogo akapewa shingo, mkubwa akapewa maneno. Kutwa nzima dada alisimama nyuma ya kiti cha mteja, vidole vikienda mbio na mdomo ukienda mbio zaidi, na wateja walikubali kusubiri kwenye benchi saa nzima ili wasukwe na yeye na si mwingine. Siku moja Rula alipita pale saluni, akasimama mlangoni na kukunja uso.

"Dada, mbona umeegemea upande mmoja kama mlango ulioachia bawaba?"

"Kiuno hiki, mdogo wangu. Usiku kinanikosesha usingizi."

"Ni huo ususi wako. Njoo kwangu nikunyooshe."

Akaenda. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. "Hilo tumbo unaloniambia nilikaze nililiacha hospitali nilipojifungua," alisema akiwa chali kwenye mkeka, na darasa zima likaangua kicheko. Lakini dada hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alipoambiwa avute pumzi mpaka mbavuni alivuta. Alipoambiwa ateremshe mgongo pingili moja baada ya nyingine aliteremsha, macho kafumba, midomo ikichezacheza kama anayesali. Kila alipoanza kuegemea kushoto, Rula alimgusa ubavuni kwa vidole viwili.

"Rudi katikati."

Dada alirudi katikati, na uso ukamkunjamana.

"Uso, dada."

Na uso ukalainika. Ikawa ndiyo mtindo wao. Mara moja tu alijaribu kubisha. "Nikinyooka ndiyo naumia zaidi. Nikijipinda napata nafuu."

"Lazima uone taabu. Mwili wako umezoea vibaya," Rula alimjibu, na kwa kuwa alikuwa anampenda, alimjibu kwa upole. Dada akamwamini. Angemwamini nani tena, kama si mdogo wake wa damu?

Maumivu yalipozidi, shemeji, yaani mume wa dada, alimpeleka mkewe kwenye zahanati. Walikwenda mara mbili. Mara zote mbili msusi aliingia kwa daktari akitembea alivyofundishwa, katikati, mabega chini, uso umelainika. Daktari alimtazama akaona mwanamke aliyenyooka barabara, akampa dawa za maumivu na kumwambia apunguze kusimama.

Halafu asubuhi moja, mteja akiwa na nusu kichwa kimesukwa, dada alitaka kusogea upande wa pili wa kiti na miguu haikumsikia. Alianguka pale pale, kitana mkononi. Mteja alidhani anatania.

Kulikuwa na uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Waliuondoa, lakini ulikuwa umeshafanya kazi yake. Baada ya upasuaji, daktari bingwa aliwaita Rula na shemeji ofisini kwake. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyejua alikuwa anamkata nani kwa maneno yake.

"Wagonjwa wa namna hii huwa wanajipinda," alisema. "Mwili unautafutia mshipa wa fahamu nafasi. Sisi tukiona mtu amepinda vile tunashtuka mapema. Huyu sijui alijikazaje mpaka akanyooka. Miguu haitarudi. Msimpe matumaini ya uongo, yatamtesa."

Rula alitaka kusema ni mimi. Badala yake aliinuka. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima akajikunja, kichwa kikakaribia magoti, na akalia bila kujali anayepita.

Sasa kitanda cha dada kiko sebuleni, maana chumbani kiti cha magurudumu hakipiti. Ameambiwa habari za miguu yake na amezisikia, lakini kuzisikia ni jambo moja, kuzikubali ni jingine. Mchana anapomsikia Rula anabisha hodi, yeye ndiye anayeanza. "Mwalimu, leo tunafanya nini?" Na Rula, aliyekuja amepiga moyo konde kusema kweli yote, ya daktari na ya vidole vyake viwili, huishia kuketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Tuanze na pumzi."

Siku moja walianza na pumzi kama kawaida. Kisha dada akafumba macho. "Usiniguse," alisema. "Nataka niuinue mguu mwenyewe." Akakaza tumbo. Bega halikupanda, uso haukukunjamana, hapakuwa na nguvu hata chembe iliyopotea pasipo na kazi. Katika miaka yote ya kufundisha, Rula hakuwahi kuona mtu akilifanya zoezi lile kwa usahihi vile. Mguu ulibaki juu ya shuka ulipokuwa.

"Umeinuka?" dada aliuliza, macho bado kafumba. "Nimeusikia. Umeinuka, siyo?"

Rula aliutazama ule mguu. Akautazama na uso wa dada yake, jinsi ulivyotulia.

"Umeinuka kidogo," akasema.

"Mwite shemeji yako aje aone."

Shemeji alitoka jikoni anafuta mikono kwenye suruali. Huyu ni mwanamume ambaye hata wali ukiungua atakwambia umeungua, mgeni awepo asiwepo. Alisimama miguuni pa kitanda. Dada alivuta pumzi tena, akafumba macho tena, na wote wawili wakaukazia macho mguu uliolala. Hakuna kilichotikisika. Shemeji akageuka akamtazama Rula, na akamtazama kwa muda.

"Umeona?" dada aliuliza.

"Nimeona," mumewe akasema.

Dada alifungua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka, ule mcheko wake wa saluni ambao hawakuusikia siku nyingi. Akapapasa chini ya mto, akatoa simu yake na kumwekea mdogo wake mkononi.

"Wapigie wateja wangu," alisema. "Waambie wasihamie kwa mtu. Waambie narudi."

Shemeji alikuwa ameshageukia ukuta. Rula akaifungua simu, akatafuta jina la kwanza, akapiga.