Tairi Isiyo na C

Swafiya wa Biryogo aliishia darasa la nne, lakini tairi mpya aliyoifunga mwanawe Hemedi nyuma ya kamioneti, gari lao dogo la mizigo, ilimtia wasiwasi. Ile ya zamani iliandikwa 185 R 14 C. Hii iliishia kwenye 14.

"Hemedi, mbona hii haina C?"

"Mama wee! 185 ni upana kwa milimita, 14 ni inchi za rimu. Imeingia sawa. Tairi si Kurani, ukiruka herufi hupati dhambi."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Swafiya akaona haya, akanyamaza, na mifuko ishirini ya saruji ikapandishwa.

Adhuhuri, Hemedi akiendesha kwenye mteremko wa Kagarama, tairi ile ikapata moto, ikapasuka. Kamioneti ikapinduka. Watu waliondoa kwanza saruji iliyomfunika ndipo wakamfikia Hemedi, naye keshakata roho.

Msibani, fundi Munyaneza alieleza kwa sauti ya chini kwamba C ni alama ya tairi za kubeba mizigo. Ile aliyoifunga Hemedi ilikuwa ya teksi ndogo.

"Mungu kapanga, dada," majirani wakamliwaza.

"Kapanga, ndiyo," alisema Swafiya. "Lakini macho alinipa, nikaona. Nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Ninyi msinyamaze."