Kipandio cha Juu

Kwa kucheka kazi za wenzake, Pima hakuwa na mshindani. Jina hilo alibandikwa na vibarua, kwa kuwa pimamaji yake ya kupimia unyoofu wa kuta haikumtoka mkononi. Hata siku ya harusi yake mwenyewe ilikuwa chini ya kiti cha gari. Akipita mtaani na kuona ukuta uliopinda, husimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Huu ukuta umelewa, au aliyelewa ni fundi?" huuliza kwa sauti ya kusikika na wenye nyumba. Na ngazi ndizo zilizompa raha zaidi. Ngazi mbovu ya mtu angeisimulia wiki nzima.

Tuseme haki lakini: mkono wake ulikuwa mzuri. Alianza kwa kubeba zege kichwani, akawa saidia fundi, akakabidhiwa mwiko, mwisho akawa msimamizi wa kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni. Hapo ndipo palipokuwa na donda lake. Nyumba anajenga yeye, jua linampiga yeye, kibao kinachosimama mbele ya jengo kina jina la mkandarasi. Akaamua kuitafuta leseni yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli. Alirudi darasani jioni, suruali ina saruji, akakaa dawati moja na vijana waliozaliwa yeye akiwa fundi tayari. Akafaulu mtihani wa ramani, akafaulu wa sheria za ujenzi uliomtoa jasho kuliko zege. Mkandarasi akathibitisha uzoefu wake. Likabaki jambo moja tu: amwonyeshe mkaguzi jengo alilolisimamia mwenyewe toka msingi hadi paa. Likipita, leseni ni yake. Lisipopita, atarudi chini ya kibao cha mtu na kusubiri awamu nyingine.

Hakuwaza mara mbili. Alichagua nyumba ya mdogo wake wa kike.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, na aliijenga kwa mapenzi, maana mama yao naye angeishi humo. Chumba cha mama alikiweka juu, dirisha linatazama barabara, ili mama aone nani anapita, na anapita na nani. Siku hizi lakini mama alikuwa akilala chini, katika kilichokuwa stoo. Alianguka asubuhi moja akishuka ngazi, akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembea kwa fimbo.

Kisa cha kuanguka kule Pima alikijua vizuri. Ilikuwa maji ya sabuni. Dada yake alipiga deki akaacha ngazi ina utelezi. Pima alimgombeza pale pale kwenye korido ya hospitali, mbele ya shangazi na binamu na wauguzi wanaopita. "Una mtu mzima ndani unaacha sabuni kwenye ngazi? Akili zako unaziwekaga wapi?" Dada yake aliinamisha kichwa. "Nisamehe, kaka," alisema.

Siku ya ukaguzi Pima alifika mapema, shati limenyooshwa, pimamaji kwapani. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake, fimbo imeegemea goti, kajifunga kanga mpya kama mtu anayetarajia wachumba. Mkaguzi aliingia, mtu mpole, mnene kidogo, asiye na maneno mengi. Maneno yote aliyasema Pima.

"Gusa kona hiyo, bwana mkaguzi. Weka timazi popote. Mimi sijengi nyumba za kuombewa dua mvua ikinyesha."

Mama alicheka. Mkaguzi akagusa kona, akapima milango, akapiga kuta kwa kifundo cha kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Pima akaanza kukiona kibao chake, hata rangi alishaichagua.

"Twende juu," mkaguzi akasema.

Huko juu Pima hakuwa amefika tangu akabidhi funguo. Kaka mtu akija hukaa sebuleni, akala, akaaga. Vyumbani kwa watu ana shughuli gani? Mkaguzi akatangulia, yeye akafuata nyuma. Dada yake alikuwa akitoka jikoni na sinia la chai, akamwona mgeni anakaribia mwisho wa ngazi.

"Hapo juu inua mguu, bwana mkaguzi."

Alilisema kama mtu anavyosema karibu. Ni maneno aliyomwambia kila mgeni wa nyumba ile, na mdomo ulishazoea. Yalipokwisha kumtoka ndipo akakumbuka mgeni wa leo amekuja kufanya nini.

Mkaguzi alisimama. Alitazama mguu wake, akamtazama dada mtu na sinia lake kule chini, kisha akapiga magoti na kutoa tepu. Akapima kipandio cha mwisho. Akapima cha chini yake, na kingine. Akarudi kwenye kile cha mwisho.

"Vyote viko sawasawa," alisema. "Hiki kimezidi kwa vidole viwili."

Pima alielewa kabla mkaguzi hajainuka. Sakafu ya juu ilikuwa na vigae. Yeye aliipigia ngazi hesabu kwa sakafu tupu ya zege. Alipokwisha kukabidhi funguo ikaja saruji ya kulazia vigae, vikaja vigae vyenyewe, sakafu ikapanda na kipandio cha mwisho kikarefuka. Mguu uliozoea vya chini hujikwaa ukipanda. Ukishuka, hukuta shimo pasipotarajiwa shimo. Jambo lenyewe hufundishwa siku za mwanzo kabisa, na yeye mwenyewe aliwafundisha wengi: kabla hujagawa vipandio, uliza juu patawekwa nini.

"Huyo ni fundi wa vigae," mama alisema kutoka chini, haraka haraka. "Mwanangu aliacha ngazi safi kabisa. Yule wa vigae alikuja na haraka zake."

Ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Fundi wa vigae alishahama mji, na mafundi wote duniani hulaumu aliyekuja baada yao. Pima alifungua mdomo. Kisha akaiona ile fimbo.

"Mama, ulianguka kipandio gani?"

"Mambo ya zamani hayo, baba."

"Kipi, mama?"

Mama akaanza kuishughulikia kanga yake. Pima akamgeukia dada yake. "Na sabuni?"

"Hapakuwa na sabuni, kaka."

Alitamani ngazi ipasuke immeze. Uso ulimwaka, masikio yakawaka, na ile korido ya hospitali ikamrudia yote: shangazi akisonya, dada yake kainamisha kichwa akiomba msamaha wa kosa lisilo lake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alikataza. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza masomo ya jioni, akaogopa utavunjika moyo. Tukasema tungoje upate leseni." Dada yake aliweka sinia mezani. "Halafu kaka, wewe na ngazi za watu unavyozisema. Nani angeanza?"

Nyani haoni kundule. Pima alikuwa akiwaimbia wenzake methali hiyo kila siku ya Mungu.

"Si fundi wa vigae," alimwambia mkaguzi, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyozoea kuisikia. "Niliambiwa tangu msingi kwamba juu watataka vigae. Sikuacha nafasi. Ni kosa langu."

Mkaguzi alikunja tepu. "Leo siwezi kukupitisha."

"Najua."

"Rekebisha ngazi, uombe tena awamu ijayo." Aliaga wenye nyumba kwa heshima, chai hakuigusa.

Alipoondoka, dada yake alimmiminia mama chai. Pima alitaka kumwomba dada yake radhi, lakini kila neno alilolishika aliliona dogo, na yeye aliyekuwa na maneno ya kuuza akabaki kutazama viatu. Mwisho alichukua pimamaji yake akapanda juu, walau akapime pa kuanzia kuvunja. Alipanda akiwa na mawazo mengi, macho chini, na pale mwisho ncha ya kiatu ikagota zege. Alianguka kwa mikono, pimamaji ikaporomoka ikigonga kila kipandio mpaka sebuleni. Nyumba nzima, ni yeye pekee ambaye mguu wake haukujua.

Kule chini fimbo iligonga sakafu. Mama alikuwa anahangaika kuinuka kwenye kiti.

"Umeumia, mwanangu?"

Pima alikaa juu ya kipandio kile, akaficha uso kwa mikono.