Zilizoharibika, Zilizoharibiwa

Mwalimu Odeta aliliona kosa lile Jumatatu jioni, akiwa amekaa nyumbani kwake Mpanda, makabrasha ya kikao yamepangwa mbele yake kwa mafungu matatu, kila fungu na kibanio chake. Madiwani wengi huyafungua makabrasha yao kwa mara ya kwanza wakiwa ukumbini, na wapo wanaoyatumia kujipepea. Yeye aliyasoma yote, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kalamu mkononi. Miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiswahili katika shule za msingi ilikuwa imemjengea mazoea hayo, na kustaafu hakukuyaondoa.

Kosa lilikuwa ukurasa wa arobaini na moja: "Ununuzi wa vifaa vya huduma kwa mimba zilizoharibiwa."

Akasoma tena, polepole, kidole chini ya neno. Kamati ilipitisha "zilizoharibika". Aliyechapa alikuwa ameteleza kwa herufi moja tu, lakini ilikuwa herufi yenye uzito wake. Mimba iliyoharibika haina wa kulaumiwa, imeharibika, basi. Iliyoharibiwa ina mharibifu. Tofauti hiyo aliwafundisha watoto wa darasa la tano kila mwaka, na kila mwaka aliirudia mpaka koo likakauka.

Angeweza kumpigia karani wa vikao, neno likasahihishwa kabla ya saa mbili usiku. Angeweza kumpigia Gaudensia, mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii, aliyekipigania kifungu hicho kwa miezi minne. Simu ilikuwa pale pale mezani. Odeta akaigeuza kifudifudi, akafunua ukurasa wa arobaini na mbili.

Gaudensia alikuwa mwanafunzi wake. Alimkumbuka vizuri: msichana wa dawati la nyuma, mwenye kicheko kikubwa, aliyeacha shule darasa la sita akaenda kumsaidia mama yake kuuza ubwabwa stendi. Sasa alikuwa na duka la mchele wa jumla, na alikuwa diwani wa kata, kwa kura za wananchi. Odeta alikuwa diwani wa viti maalum. Watu walipomwita "Mheshimiwa", alisikia, au alidhani anasikia, kituo kifupi kabla ya neno hilo, kama vile msemaji amelitafuta kwanza mfukoni.

Mwaka uliopita walikuwa wamegombea wote wawili uenyekiti wa kamati. Gaudensia alipata kura tisa. Odeta alipata tatu, na moja kati ya hizo alijipigia mwenyewe. Uchaguzi wa kamati hurudiwa kila mwaka, na wa safari hii ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Kushindwa angekuvumilia. Lililomchoma ni kushindwa na mtu anayesimama mbele ya halmashauri nzima na kusema "hii kifungu" na "watoto zangu wa kata", na ukumbi unapiga meza kwa furaha. Yeye akisimama, na ngeli zake zimenyooka kama mistari ya daftari, watu hutazama saa.

Siku nne zilipita. Kila asubuhi alijiambia kwamba bila shaka mtu mwingine angeliona neno lile. Hakuna aliyeliona.

*

Ijumaa, Baraza la Madiwani lilianza saa nne kamili, jambo ambalo lilimpendeza Odeta. Mwenyekiti, Mzee Luhende, alifungua kikao kwa sala na kwa onyo kuhusu simu. Hoja ya kwanza ilikuwa ushuru mpya wa biashara: vibanda vya sokoni, vyerehani vya barazani, na mashine za kusaga nafaka.

Mheshimiwa Manyanda alisimama kabla hajaitwa. Alikuwa mtu mpana, mfugaji kwa asili, mwenye mashine mbili za kusaga na sauti inayozizidi zote mbili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Mama anakuja na debe lake la mahindi. Mashine ikilipa ushuru, nani atalipa? Mashine? Mashine haina mfuko! Atalipa yule mama!"

"Na wewe utapata hasara gani?" sauti ikatoka nyuma.

"Mimi? Mimi nawatetea akina mama!"

Ukumbi ukacheka. Mweka hazina akaeleza kwamba bila ushuru huo vifungu kadhaa vya afya vingekosa fedha. Manyanda akalowesha kidole, akaanza kufunua kabrasha lake, kurasa zikichanika kwa haraka yake. Odeta akaacha kuandika. Alijua mkono ule unaelekea wapi hata kabla haujafika.

"Haya! Ukurasa wa arobaini na moja!" Manyanda akalinyanyua kabrasha juu. "Waheshimiwa, nyie mmesoma hapa? 'Huduma kwa mimba zilizoharibiwa.' Yaani wananchi wangu watozwe kwenye mashine, ili halmashauri inunue vifaa kwa ajili ya watu wanaoharibu mimba! Sheria ya nchi inasemaje? Mimi napendekeza kifungu hiki kiwekewe kikomo. Kisizidi robo ya kilichoombwa. Robo tatu ibaki, na ushuru wa mashine tuufute leo leo!"

Meza zikapigwa. Kwa pendekezo moja alikuwa ameondoa kodi na kutetea maadili, na hakuna diwani asiyependa kurudi katani na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mganga mkuu alikuwa safarini. Kiti chake kilikaliwa na Antoni, bwana afya, aliyejua habari za vyoo na visima kuliko habari za wodi ya wazazi. Alipoulizwa, akasimama, akakohoa, akasema kwamba vifaa hivyo ni vya kusafishia kizazi, halafu akaketi haraka.

"Umesikia! Kusafisha!" akasema Manyanda. "Kusafisha nini kama si ushahidi?"

Gaudensia akasimama. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake kilikuwa kimelegea upande mmoja. Odeta akajikuta anaegemea mbele, mikono imefumbatana. Moyo ulimdunda kwa raha ambayo hakutaka kuitazama usoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hii kifungu si ya kutoa mimba," Gaudensia akasema. "Naomba nyie mnisikilize. Masika iliyopita, katani kwangu, kulikuwa na mama anaitwa Sikujua. Mimba ya miezi minne. Alikuwa anapalilia mpunga, damu ikaanza. Kituo chetu hakina vifaa. Akapakiwa kwenye pikipiki, mume wake nyuma amemshika, barabara ile mnaijua. Alifika Mpanda. Alifika, lakini amechelewa." Akanyoosha mkono kuelekea benchi la wananchi, pembeni mwa mlango. "Mume wake ni huyu hapa, Enoka. Nimemwomba aje, mumwone."

Mwanamume aliyekaa kwenye benchi alikuwa mwembamba, kofia ameishika magotini kwa mikono yote miwili. Odeta akaiona huruma ikipita juu ya nyuso za madiwani, safu kwa safu, na akahisi kitu kikimchoma kifuani kama kijiti cha moto. Tazama. Hata sasa, na kifungu kimekosewa, na sarufi imepinda, wanamsikiliza.

Lakini Manyanda hakuwa mtu wa kuacha jambo.

"Pole sana, ndugu yangu Enoka. Pole kweli. Lakini Mheshimiwa Gaudensia ajibu swali moja. Hapa pameandikwa 'zilizoharibiwa', ni kweli au si kweli?"

Gaudensia akatazama kabrasha. "Ni kweli. Ndiyo hizo hizo. Mimba ya Sikujua iliharibiwa."

"Iliharibiwa na nani?"

"Na... iliharibiwa tu."

"Hakuna kuharibiwa tu! Kama kibanda changu kimeharibiwa, yupo aliyekiharibu. Mimba imeharibiwa, aliyeiharibu ni nani? Mume? Hapana, ndiye aliyemshika kwenye pikipiki. Basi ni huyo mama mwenyewe! Mheshimiwa mwenyewe amekiri!"

Hapo penye benchi, Enoka akasimama. Kofia ilimdondoka, na mdomo wake ulifunguka, ukajifunga.

"Mwananchi, keti," Mzee Luhende akasema, si kwa ukali. "Kanuni hairuhusu. Keti, mwanangu."

Enoka akaketi. Gaudensia alibaki wima, macho yanarudi kwenye neno lile kana kwamba limebadilika tangu alipolisoma mara ya mwisho. Hakuona kilichomkamata. Odeta aliona. Manyanda alikuwa amechambua vizuri kabisa. Ni uchambuzi ambao angeupa alama zote darasani. Kila neno lake lilikuwa sahihi kutokana na neno moja lililokosewa, na mwanamke aliyetokwa damu akipalilia mpunga, akafa, alikuwa sasa, katika kumbukumbu za kikao, ameiua mimba yake mwenyewe.

Siku nne Odeta alikuwa ameingoja aibu ya Gaudensia. Sikujua hakuwa kwenye hesabu zake.

"Nawahoji," akasema Mzee Luhende. "Wanaoafiki kifungu kipunguzwe hadi robo waseme—"

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti!"

Odeta alishtuka kusikia sauti ile, kisha akatambua kwamba amesimama.

"Mayu, tunapiga kura," Manyanda akasema, kwa ile lugha ya kwao ya kumwita mwanamke mama. "Keti tu."

"Kanuni inaniruhusu. Tunapiga kura juu ya neno ambalo kamati haikulipitisha. Muhtasari wa kamati, aya ya sita, unasema 'zilizoharibika'. Kilichochapwa ni 'zilizoharibiwa'. Ni herufi moja. Mimba iliyoharibika haikuharibiwa na mtu. Haina mtenda. Ndiyo maana Mheshimiwa Gaudensia ameshindwa kumtaja mtenda, hayupo." Akageuka, na hili hakulipanga, akatazama benchini. "Mkeo hakufanya kosa lolote, Enoka. Kosa ni la karatasi."

Karani akafunua muhtasari, akaupeleka kwa Mwenyekiti. Mzee Luhende akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Ni kweli," akasema.

Manyanda akapiga paji la uso. "Sasa Mwalimu! Herufi moja tunagombana asubuhi nzima? Na huyu si wewe uliyemfundisha Kiswahili?"

Kicheko kikapasuka, na safari hii hata Gaudensia alicheka, huku anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Odeta angeweza kuketi hapo. Kila mtu alidhani ameliona kosa dakika ile ile. Sifa ilikuwa tayari inamjia. Aliisikia katika namna meza zilivyoanza kugongwa, taratibu, kwa ajili yake.

"Mwalimu ana jicho kali," akasema Mzee Luhende. "Ndani ya mjadala mkali namna hii, umeliona saa ngapi?"

Lilikuwa swali la kumpamba. Jibu lilikuwa jepesi: sasa hivi. Odeta alilishika ulimini kwa muda. Benchini, Enoka alikuwa ameinama kuokota kofia.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu hii. Jioni."

Meza zikanyamaza moja baada ya nyingine. Hakuna aliyezomea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee Luhende akamtazama kama mtu anayeongeza hesabu ndefu kichwani, kisha akasema neno lisahihishwe na Baraza lihojiwe upya. Pendekezo la Manyanda likaanguka. Hata yeye mwenyewe hakulisemea "ndiyo" kwa sauti ya kusikika. Kifungu kikapita kizima. Ushuru wa mashine ukarudishwa kamati ya fedha ukaangaliwe tena, na kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai.

*

Chai ilikuwa chini ya turubai nje ya ukumbi, na vitumbua. Odeta alisimama peke yake karibu na birika, sahani mkononi. Wale wawili waliompigia kura mwaka jana walipita mbele yake wakizungumza kwa bidii kuhusu mvua. Wiki tatu zilizobaki zilikuwa hazina maana tena. Uchaguzi wake ulikuwa umekwisha pale aliposema Jumatatu.

Gaudensia alikuja akiwa bado anashikwa mikono na watu. Alipowaponyoka, akasimama mbele ya mwalimu wake, kilemba sasa kimelegea kabisa.

"Mwalimu. Ungenipigia simu."

"Ningekupigia."

"Siku nne, mwalimu? Nimesimama pale kama mjinga. Nimemsingizia marehemu, kwa mdomo wangu huu. Mbele ya mume wake."

Odeta alikuwa ametayarisha sentensi tatu, zenye mpangilio mzuri. Zote zikamtoka kichwani.

"Nilikuonea wivu," akasema.

Gaudensia akamkodolea macho, kisha akacheka kile kicheko kikubwa cha dawati la nyuma, kikakatika katikati. "Wivu? Mimi? Mwalimu, usinitanie leo. Mimi hata barua nampa mtoto aniandikie. Niambie ukweli. Nilikukosea nini?"

"Huo ndio ukweli."

"Basi sijaelewa." Alimtazama kwa muda, kwa subira, kama mtu anayesubiri aelezwe tena kwa maneno rahisi zaidi. "Ungenipigia, mimi ningesema pale mbele: mwalimu wangu ndiye ameliona. Ningewaambia wote. Ningejivunia."

Naye angefanya hivyo kweli. Odeta aliliona waziwazi: angesimama na kilemba chake kimepinda, angempa sifa yote kwa ngeli zilizovurugika, na asingepungukiwa na kitu. Wala lisingempitikia wazo kwamba kuna cha kupungua.

"Mheshimiwa Gaude!" Manyanda akaita kutoka upande wa pili wa turubai, sahani imejaa. "Njoo huku, tumalize ugomvi! Vitumbua vinaisha!"

"Nakuja, wewe mkwepa ushuru!" Gaudensia akajibu, na watu wakaanza kucheka kabla hata hajamaliza. Akamgusa Odeta kiwiko, akaondoka kwenda kwao, na duara likafunguka kumpokea.

Odeta akalitazama duara lile likijifunga. Alikuwa amesema kweli mara mbili asubuhi hiyo, na alikuwa ametazamia kwamba kweli ingemwondolea kitu. Kijiti cha moto kilikuwa bado kifuani, mahali pale pale, kinawaka. Akaweka sahani chini, akatembea hadi kwenye benchi la mlangoni, ambako Enoka alikuwa amekaa bila chai, akamuuliza kama angependa amletee kikombe.