Kula Kwanza, Ngalula

Ngalula alishuka ndege Rughenda, uwanja wa Butembo, na hamu ya miaka. Alikuwa mwalimu kutoka Kasai, na wakati alipofundisha Butembo mji ule ulimpa marafiki watatu: Anne-Marie, Kavira, na Edmond mume wa Kavira. Uwanjani walikuja kumpokea wawili tu.

"Anne-Marie iko wapi?"

"Iko Masereka, alienda kutafuta viazi," Kavira alijibu, akamkumbatia kwa nguvu mno. "Twende nyumba, ukule kwanza."

Pikipiki ziliwabeba katika vumbi jekundu. Maghorofa mapya yalikuwa yameota kila upande, na mashimo ya barabara yalikuwa yamezaa watoto. Ngalula alicheka peke yake. Alikuwa na mengi ya kumwambia Anne-Marie uso kwa uso. Tangu ndoa yake ivunjike kule Kananga, ni ujumbe wa Anne-Marie uliomwinua kitandani kila asubuhi. Ulikuwa wa kuandika tu, maana Anne-Marie alidai simu yake imeharibika, haipitishi sauti.

Mezani palikuwa na ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na kuku mzima. Edmond, mtu wa maneno mengi, alimega bukari tu. Kila Ngalula alipotaka kuuliza kitu, Kavira alimwongezea mboga.

"Bon, nitamupigia mwenyewe, hata asiposema," Ngalula alisema, akabonyeza namba.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa Kavira. Hakuna aliyeinuka. Ililia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Alikufa mwezi wa pili," Edmond alisema, macho kwenye sahani. "Tumbo. Tulimuzika Beni, kwa baba yake."

"Na tangu mwezi wa pili, nani alikuwa ananiandikia?"

"Mimi," Kavira alisema. "Kwetu, mutu akiwa mbali, peke yake, hapana kumuambia kilio mu telefone. Unangoja afike, akule, bantu bakae pembeni yake. Na weye uliandika siku ile ya maziko, unalia juu ya bwana yako. Ningejibu nini?"

Hasira ilimpanda Ngalula mpaka macho yakaona giza. Mambo ya chumbani kwake, ambayo hata padri hakuyasikia, Kavira aliyasoma yote. Na mwenziwe akiwa chini ya udongo, yeye alikuwa akimtania kwa unene wake! Aliisukuma sahani, kuku akaanguka sakafuni.

"Mulinifanya mujinga! Nilikuwa nachekesha mufu!"

"Mais Ngalula, tulikulinda," Edmond alisema.

"Mulijilinda benyewe! Muliogopa kilio yangu!"

Alichukua simu yake, akamgeukia Kavira.

"Kamata telefone yako. Yako, hapana yake. Nipigie, uniambie vile ulipashwa kuniambia."

"Lakini uko hapa mbele yangu."

"Piga!"

Kavira alitafuta namba, akabonyeza. Simu ilipolia, Ngalula aliwapa mgongo, akautazama ukuta, akapokea.

"Allô, Kavira. Habari ya Butembo?"

Kisha sauti ikaja, mgongoni na sikioni kwa pamoja, imekatika katikati.

"Ngalula... Anne-Marie alitutoka."

Ngalula aliketi sakafuni, na kilio kikamtoka mpaka majirani wakafungua milango. Kavira alishusha simu aje kumshika.

"Usikate!" Ngalula alipiga kelele. "Usikate, Kavira. Acha nilie."