Meza ya Bwana Si ya Mzee Zakayo

Ijumaa mzee wa kanisa letu, Zakayo, alikuja kwenye duka langu la vipuri vya magari, mtaa wa Gerezani, akanikuta nimeshika shokapu, moja kila mkono. Bahati yake sikuwa nimeshika nyundo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Mama Rachel. Jumapili Rachel anapata kipaimara. Ukitaka kushiriki naye Meza ya Bwana, lazima kwanza urudi kundini. Utasimama mbele ya usharika usome hii.”

Nikaweka shokapu kaunta, akanipa karatasi. Miaka kumi na tano nimetengwa na meza hiyo kwa sababu nilizaa bila ndoa. Baba wa mtoto, wa usharika uleule, hakutengwa hata wiki moja. Alikana tu, wazee wakamwamini. Karatasi ilikuwa na mwandiko mzuri kabisa: “Natubu dhambi ya kumzaa Rachel.”

Niliibwaga karatasi juu ya kaunta.

“Mzee, kuzini nilizini. Nilitubu humuhumu, kati ya fani belti na makopo ya oili, nikalia mpaka wateja wakadhani nimefiwa. Yesu alinisamehe siku ileile, hakungoja kikao chenu. Lakini mwanangu si dhambi.”

“Utaratibu ni utaratibu, mama. Usiposoma, utakaa benchi la nyuma.”

Karatasi yake niliifungia plagi za mteja kesho yake asubuhi.

Jumapili Rachel alivaa gauni jeupe nililoshonesha Kariakoo. Wanakipaimara walipoitwa mezani pamoja na wazazi wao, niliinuka. Nilipita katikati ya kanisa, visigino vinalia kwenye sakafu, nikapiga magoti kando ya mwanangu. Zakayo akaja mbio, akapiga magoti upande wangu wa pili.

“Inuka, mama, usituaibishe,” akaninong’oneza.

Sikuinuka. Mchungaji akafika na sahani ya mkate.

“Mchungaji, huyu hajarudi kundini,” Zakayo akasema, safari hii kwa sauti.

Mchungaji akasimama pale pale. Niliogopa, sidanganyi. Akiniruka mbele ya Rachel, mtoto ataamini maisha yake yote kwamba yeye ndiye kosa langu.

“Mchungaji,” nikasema, kwa sauti ileile ninayouzia vipuri, “mimi sistahili, najua. Nimekuja kupewa. Kama kuna anayestahili hapa, mpe yeye kwanza, mimi nitasubiri.”

Mchungaji alimtazama Zakayo, akawatazama na wengine waliopiga magoti, mmoja mmoja. Hakuna aliyejitokeza. Akaniwekea mkate kiganjani. Rachel alinishika kiwiko akalia bila kujificha.

Baada yangu alifuata Zakayo. Alikunjua kiganja polepole, ameinamisha kichwa, naye akapewa bure kama mimi.